Chuchu ya Kushoto

Jumatatu, 2 Juni
Tone jingine la damu kwenye sidiria. Nimeifua usiku, wote wamelala, nikaianika chooni nyuma ya mlango. Miezi saba napaka dawa ya ukurutu. Ganda linabanduka, linarudi palepale. Mbona kushoto tu? Alhamisi naenda. Safari hii naenda kweli.

Alhamisi, 5 Juni
Daktari binti mdogo, kama kitinda mimba wangu. "Mama, umekaa nacho muda gani?" Nikaona haya kujibu. Chini ya ganda kuna kinyama, kama punje ya choroko. Picha za titi hazikuonyesha kitu. Lakini kuna saratani ya chuchu inayoanza hivihivi, kama ukurutu, na kwa macho haitambuliki. Wamekata kipande wakapime. Sindano ya ganzi! Machozi yalinitoka.

Jumapili, 8 Juni
Sijamwambia mtu. Pilau la leo halikuwa na chumvi kabisa. Baba watoto amekula, hakusema neno. Yeye, wa kulalamikia chumvi! Anajua nini?

Jumanne, 17 Juni
Si saratani. Si saratani. Nimemwomba daktari arudie mara tatu. Adenoma ya chuchu, uvimbe wa vifereji vya maziwa. Akanichorea: ukuta wa kifereji una safu mbili za seli, na kwenye kipande changu ile ya nje wameiona ipo, haijapotea. Karatasi nimeikunja, ipo kwenye pochi. Ndani ya daladala nikalia. Mama wa kiti cha pili akanishika mkono, hakuuliza.
Ila lazima watoe kinyama chote. Kikibaki kidogo, huota tena.

Jumatano, 25 Juni
Nimemwambia baba watoto. Kumbe sidiria ya chooni aliiona tangu Mei. "Nilikuwa nakungoja useme." Siku zote zile, kila mtu na hofu yake, kitanda kimoja.

Ijumaa, 11 Julai
Nyuzi za upasuaji zimetolewa. Kinyama wamekitoa chote, maabara wamethibitisha. Chuchu imebaki, imelala upande kidogo. Imenyonyesha wanne hii. Nimeitazama kwenye kioo, nikaishika, haikuuma.
Jioni nimempigia dada. Na yeye anawashwa, upande mmoja, anapaka mafuta ya nazi. Nimemwambia weka chini hayo mafuta, Jumatatu nakupitia asubuhi, tunakwenda wote.
Sidiria nimeianika uani.