Mashine ya baba inaunguruma, lakini inafanya kazi?

Kila Desemba, magari yanapopanda kwenda Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, kwenye buti huwa kuna mchele, magodoro na nguo za wajukuu. Siku hizi katika baadhi ya magari kuna pia kibegi ambacho mwenyewe hataki kabisa kifungwe kwenye keria. Ndani yake mna mashine ya kupumulia usingizini.

Wanaoitumia ni watu ambao koo huziba wakilala. Misuli inalegea, pumzi inakatika kwa sekunde kumi au zaidi, ubongo unashtuka, mtu anavuta hewa kwa kishindo kisha anaendelea kulala bila kukumbuka lolote. Kwa aliyezidiwa hali hiyo hujirudia mara mamia kwa usiku mmoja. Nyumbani tunaita kukoroma, na kuna wanaoamini kabisa kwamba anayekoroma ndiye aliyelala vizuri. Siyo kweli. Asubuhi anaamka amechoka kama aliyelima usiku kucha.

Mashine hiyo, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan huko Sydney, Australia, mwaka 1980, haitoi oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwa presha ili koo libaki wazi. Kwa hiyo kilichomo chumbani ndicho kinachoingia: vumbi, moshi wa kuni, hata moshi wa ile dawa ya mbu ya kuchoma inayowekwa chini ya kitanda.

Baba mmoja wa Mwika, anayepeleka ndizi Dar es Salaam kwa lori, aliletewa mashine na binti yake anayeishi ng'ambo. Miezi ya kwanza mkewe aliuogopa ule ukimya. Alikuwa akimgusa usiku kuhakikisha yuko hai. Mwaka wa tatu mkoromo ukarudi, mdogo mdogo, chini ya barakoa. Mama alipouliza, alijibiwa, "Mama, si unaisikia inaunguruma? Ina shida gani?" Wiki hiyohiyo baba alikuwa ameegesha lori mara mbili pale Same, macho yakikataa kufunguka.

Huyu ni mtu ambaye kila alfajiri hupima oili na kugonga matairi kabla ya kuwasha gari. Mashine inayomfanya aamke na akili timamu ya kushika usukani hakuwahi kuifungua. Mama ndiye aliyeifungua. Chujio lilikuwa jeusi kama limetolewa jikoni, na mpira wa barakoa umekakamaa, hewa ikitokea pembeni ya pua.

Chujio linahitaji kuangaliwa kila wiki. Lile jeupe jembamba halifuliwi, hubadilishwa karibu kila mwezi, na mapema zaidi kiangazi vumbi linapotimka. Lile la sponji, kwa mashine zenye nalo, huoshwa na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Pamba au kipande cha godoro si mbadala.

Barakoa huoshwa kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mpira wa hewa mara moja kwa wiki. Jiki weka mbali. Hapa kuna ugomvi na mazoea yetu, maana sisi kila kitu tunaanika juani. Jua kali hukausha na kupasua mpira, hivyo uanikwe kivulini. Na wale wanaojipaka mafuta ya mgando usoni kabla ya kulala kwa sababu ya baridi, wajue yanafanya barakoa iteleze na kuichakaza. Baada ya kuosha, ivae, washa mashine, pitisha kiganja kuzunguka pua. Ukihisi upepo, inavuja.

Kitangi cha maji kina mambo yake. Kinataka maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yasiyo na madini. Kuchemsha hakuondoi madini, ndiyo maana birika hujenga ukoko mweupe. Yaulizie duka la dawa. Usiende gereji kuomba "maji ya betri", kwani kwa jina hilohilo unaweza kuuziwa tindikali. Maji ya jana yamwagwe kila asubuhi. Julai, baridi ikikaza, mvuke hugeuka matone ndani ya mpira na kumrushia mtu maji puani. Mashine ikae kwenye kigoda chini kidogo ya usawa wa kichwa, na mpira upitishwe ndani ya blanketi.

Halafu umeme. Soma maandishi kwenye adapta: ikiandikwa 100–240V inafaa kwetu, ikiandikwa 110V au 120V peke yake itaungua siku ya kwanza. Kwa wanaotoka Dar es Salaam kuja mlimani, mashine nyingi mpya hujirekebisha zenyewe kulingana na mwinuko, lakini baadhi ya za zamani hurekebishwa kwa mkono, na kitabu chake husema. Mbege nayo hulegeza koo zaidi, ingawa hilo si kosa la mashine.

Presha usiiguse, hiyo ni kazi ya daktari. Ukienda kumwona, KCMC au kwingine, ibebe mashine yenyewe. Nyingi huhifadhi idadi ya mara pumzi inapokatika kwa saa. Ikiwa chini ya 5, mambo ni mazuri. Ikianza kupanda, kuna kitu kimeharibika.

Mashine za kupewa zina jambo moja zaidi. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuita mamilioni ya mashine zake zilizotengenezwa kabla ya Aprili 26 mwaka huo, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyomo ndani inaweza kumeguka na chembe zake kuvutwa na mtumiaji. Kampuni yenyewe ilisema joto na unyevunyevu vinaweza kuharakisha uharibifu huo. Ukiona chembe nyeusi ndani ya mpira wa hewa, zungumza na daktari haraka. Hata usipoziona, igeuze mashine: chini yake kuna jina la modeli na namba. Ipige picha kwa simu, mtumie aliyeileta, aiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hajafungasha nyingine kwa ajili ya Krismasi.