Kila Korongo Liwe na Mwenyewe

Jirani yangu hapa Limburg, kusini mwa Uholanzi, ameandikiwa barua kwa sababu ya magugu. Wakaguzi wa bodi ya maji wamepita, wakakuta mtaro wa shambani kwake umeota nyasi, wakampa muda ausafishe kabla ya mvua. Amekasirika kwelikweli. Mimi natamani barua hiyo ifike kijijini kwetu Masieda, Tanzania.

Huku maji yana serikali yake. Bodi hizo, waterschap, ziko 21 nchi nzima, na mizizi yake inafika karne ya 13. Zinatoza kodi, na wajumbe wake hupigiwa kura kila miaka minne. Machi 2023 watu waliomba kura kwa ahadi za mitaro na kingo za mito! Miteremko mikali ya huku huachwa nyasi, na chini yake wamechimba mabwawa madogo ya kudaka maji ya mvua. Sisemi wameshinda. Julai 2021 Geul, kamto kadogo tu, kalifurika kakaingia mjini Valkenburg na kuharibu nyumba na maduka. Lakini maji yaliposhuka, wananchi walijua wa kumuuliza.

Kwetu utamuuliza nani? Korongo letu lina wenyewe siku ya kuchota mchanga, basi. Baba mdogo analima mpaka ukingoni, na katazo la kulima ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji analijua kuliko mimi. Kalavati limeziba. Mvua ikinyesha juu, huku chini jua linawaka, ghafla korongo limejaa; shangazi aliwahi kulala ng'ambo na mtoto mwenye homa, safari ya hospitali Haydom ikaishia hapo. Bodi ya Maji ya Bonde la Kati tunayo, makao yake Singida, lakini bonde hilo linagusa mikoa kadhaa. Nani atatoka huko kuja kukagua kakorongo ketu?

Kinachoniuma ni kwamba sisi tulijua. Babu, mtu wa Kainam kule milimani, hakulima mteremko bila matuta ya kukinga maji, na samadi aliibeba mwenyewe mpaka shambani. Watafiti wametoka mbali kuandika juu ya kilimo hicho cha Wairaqw. Watu waliposhuka kutafuta ardhi tambarare, ng'ombe walishuka nao, jembe likashuka. Matuta yakabaki Kainam. Limburg nao walikuwa na kingo za vichaka zinazokata mteremko, graften, wakang'oa nyingi ili trekta zipite. Leo wanatumia fedha kuzirudisha.

Halafu kwenye kundi letu la familia mtu anaandika, mafuriko ni kazi ya Mungu. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang ulimeguka baada ya mwamba kulowa, na watu zaidi ya 80 wakafa Katesh na vijiji vya jirani. Mlima hauzuiliki, nakubali. Ila tope lilifuata mikondo ya maji, na kandokando ya mikondo kulikuwa na nyumba. Nani aliwakataza kujenga?

Hatuhitaji Wazungu. Mkutano wa kijiji uchague watu wa korongo, wa juu na wa chini pamoja, walitembee lote kila Oktoba. Ushuru wa mchanga ufukue kalavati. Anayelima ukingoni atozwe faini, na tuanze na baba mdogo.