Upe Mgongo Ufukwe, Panda Kisarawe!

Ikifika Jumamosi, kijana wa Dar ana safari moja tu kichwani: ufukweni. Mchanga uleule, mishikaki ileile, muziki uleule unaopasua masikio. Sisemi vibaya, bahari ni bahari. Lakini msomaji wangu, hebu wikiendi moja ipe bahari mgongo. Panda gari la Gongo la Mboto, kisha la Kisarawe. Kutoka Posta hata kilometa 40 hazifiki, na huko utakuta msitu, mapango ya machimbo na kipande kizima cha historia ya nchi hii. Na mshiko hauumii sana.

Tuanze na Pugu, mlangoni kabisa mwa Kisarawe. Mtu wa Moshi atacheka ukiviita vilima hivi milima, lakini kwetu sisi tuliozoea tambarare ya Ilala na Temeke, hapa pumzi inakata kidogo. Reli ya Kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 inapita hapa. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Hapa hapa Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha, katika shule ya Mtakatifu Francis, baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952. TANU ikazaliwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata Mwalimu akarudi kutoka New York kwenye Umoja wa Mataifa, akaacha chaki, akachagua siasa. Yaliyofuata unayajua.

Sasa twende machimboni. Mapango ya Pugu hayakutengenezwa na maji wala na shetani, ingawa vijiweni utauziwa hadithi za kila aina, mpaka za dhahabu iliyofichwa na Wajerumani. Ni mashimo yaliyochimbwa enzi za Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, kutafuta udongo mweupe uitwao kaolini. Jina lenyewe limetoka China, kwenye kilima cha Gaoling, ambako watengeneza vyombo vya kauri walikuwa wakichimba udongo wa namna hiyo. Kwa hiyo kilima cha Wachina kimekipa jina udongo wa kilima cha Wazaramo. Dunia ndogo, bwana.

Kaolini ya Pugu imejificha ndani ya mawe ya mchanga. Ukiitaka lazima uyavunje mawe, uyaoshe kwa maji mengi mchanga uzame, kisha uache maji meupe yatulie mpaka udongo laini ushuke chini, ndipo uukaushe. Udongo huo ndio unaoingia kwenye vikombe vya kauri, kwenye rangi za nyumba, kwenye karatasi za kung'aa na hata kwenye poda. Dada unayejipodoa kabla ya kutoka, huenda unajipaka jamaa wa Pugu.

Pale pangoni niliongozwa na kijana wa hapo hapo. Nilipoanza kuimba ili kupima mwangwi, akanishika bega: "Kaka, taratibu, wenye nyumba wamelala." Wenye nyumba ni popo, na si kumi wala ishirini. Wamejaa darini ile mbaya, na harufu yake we acha tu. Ukuta ukiugusa, kiganja kinatoka cheupe kama umepaka chokaa. Ukiweza, subiri mpaka jua lizame. Popo wanatoka kwa maelfu, kundi juu ya kundi, kama moshi unaofuka kutoka ardhini. Hakuna ukumbi wa dansi mjini utakaokuonyesha kitu hicho.

Juu ya mapango ndiyo kuna msitu, Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Humu anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye macho makubwa, ambaye duniani amebaki katika misitu michache sana ya pwani ya Tanzania. Humu pia, katika vilima hivi vya Pugu, ndimo unamoanzia mto Msimbazi. Ndiyo, Msimbazi huu huu unaojaa Jangwani mpaka barabara inafungwa.

Hapa naomba tusikilizane. Msitu huu umeliwa miaka mingi na mashoka, mashamba na matanuri ya mkaa, na soko kubwa la mkaa huo ni sisi wa mjini. Miti ikiisha vilimani, mvua haipati pa kupumzikia. Inateremka na udongo wake moja kwa moja bondeni. Mafuriko ya Jangwani yana sababu nyingi, lakini mojawapo inaanzia huku juu, na sahani yako ya chipsi inahusika.

Ukitoka msituni, panda Kisarawe mjini. Ni mji wa taratibu, wenye hewa safi na mafenesi ya msimu. Pita uone Minaki, shule kongwe ya wamisheni wa Kianglikana. Cha ajabu, mji huu ulio jirani na Dar ulihangaika na maji kwa miaka mingi. Mradi wa kuyapandisha kutoka Kibamba ulizinduliwa mwaka 2020, na maji yenyewe yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, unaoweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku.

Mlandizi iko Kibaha, basi siku ya pili elekea huko kwa barabara ya Morogoro. Pale ingia Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki: shule, hospitali ya Tumbi na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Mwaka 1970 likakabidhiwa kwa Serikali yetu. Wanaopenda reli wamalizie Soga, kituo cha treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Reli ya mkoloni na reli ya umeme, zote utakuwa umeziona kwa wikiendi moja.

Ushauri wangu ni huu. Vaa viatu vya kufunika, beba tochi na maji. Lipa kiingilio ofisini na udai risiti. Usichore jina la mpenzi wako kwenye ukuta wa pango, mpeleke mwenyewe akaone.

Na mlipe vizuri anayekuongoza. Yule kijana wangu aliniambia kwamba kabla ya kazi hii alikuwa akisukuma baiskeli ya mkaa kwenda Gongo la Mboto, gunia tatu kwa safari, usiku usiku. Nikamuuliza kama anaweza kuirudia. Akajibu, "Kaka, wageni wakija, sirudi. Wasipokuja, watoto watakula nini?"

Jumamosi ijayo hiyo.