Rahma, kwanza idhini

Zanzibar

Mwanangu Rahma,

Kifua cha bibi yako kimetulia, na kila siku anakuulizia utavuka lini kuja huku.

Mama yako amenipigia juzi na habari mbili kwa mpigo: kwamba umepata mkanda wa njano wa judo, na kwamba usiku mmoja umeingia kwenye waifai ya jirani, ukamwonyesha kaka yako kila simu na televisheni iliyounganishwa humo. Ile ya kwanza nimemsimulia kila mteja aliyepita kwenye kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu. Ya pili ndiyo iliyonikalisha chini nikuandikie.

Unajua nami nilicheza judo ujanani, hapahapa Unguja. Mwanzoni hatukumrusha mtu. Tulifundishwa kuanguka tu, jioni baada ya jioni: kidevu kifuani, mgongo mviringo, mkono upige mkeka wakati uleule mwili unapofika chini. Wenzangu wengi walichoka wakaacha. Miaka mingi baadaye vespa iliniteleza kwenye mvua pale Mwanakwerekwe, na kichwa changu hakikugusa lami. Sikupata nafasi ya kufikiri, mwili ulifanya wenyewe.

Lakini kuna jambo lililo kubwa kuliko kuanguka, na naomba ulisome taratibu. Kwenye mkeka mwenzako anakukabidhi mwili wake. Mnainamiana, anakushika nguo nawe unamshika, na akigonga mara mbili unamwachia papo hapo, hata kama ulikuwa unakaribia kushinda. Mzee Kano Jigoro alipoanzisha judo mwaka 1882, katika ukumbi wa mikeka 12 kwenye hekalu moja la Tokyo, aliyaondoa mapigo ya hatari kwenye mazoezi ya kushindana ili watu wapambane kwa nguvu zao zote na bado warudi nyumbani wazima. Mchezo wote umesimama juu ya idhini hiyo. Ukimrusha mtu vilevile barabarani naye hakukufanya kitu, umemshambulia, basi.

Sasa niambie, jirani yenu alikupa idhini gani?

Najua utasema hukuchukua kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haisubiri uchukue. Kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa mtu bila haki ni kosa tayari, na kifungo kimo. Wanaolipwa kupima usalama wa benki hawagusi kitu mpaka karatasi itiwe saini: mitambo ipi, siku zipi, waishie wapi. Kazi hiyo ndiyo unayoitamani, na huwezi kuianza kwa kuruka ukuta. Nenda kwa jirani pamoja na mama yako. Mwombeni radhi, kisha umsaidie kuweka neno la siri lililo gumu. Hilo si shauri, mwanangu, ni agizo.

Wala usidhani nakukataza elimu hiyo, kwani wapo wanaoihitaji. Wiki iliyopita mama mmoja muuza samaki alisimama mbele ya kibanda changu, simu sikioni, jasho linamtiririka. Aliyempigia alijifanya mtu wa huduma kwa wateja, akadai kwamba laini itafungwa siku hiyo asipofuata maelekezo. Nikamsikia mama akirudia kwa sauti, “Nisimwambie wakala?” Nikamwomba simu, nikaikata, nikampa kiti. Tukatazama salio, tukalikuta limo. Tukabonyeza *106# tuone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mwizi yule hakuhitaji kuujua mtandao hata kidogo, alihitaji mama wa watu aogope kwa dakika chache. Masomo yako yatakufundisha nyaya na mitambo, lakini nawe uwasome pia watu kama huyu mama, maana wao ndio watakaokutegemea.

Kwenye mitambo nako, kulinda ni kazi ya subira. Kirusi cha WannaCry kilipozagaa Mei 2017, hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya watu, ilhali Microsoft walikwisha kutoa kiraka cha kuziba ule upenyo tangu Machi. Anayesasisha mitambo mapema na kuweka nakala ya kila kitu mahali pengine hapigiwi makofi, na bado yeye ndiye fundi.

Kuhusu kurudi usiku kutoka mazoezini, mkanda usikudanganye. Ongozana na wenzako mpaka stendi. Mtu akikushika kifundo cha mkono, vuta kuelekea upande wa kidole gumba chake, ndipo mshiko ulipo dhaifu, kisha kimbia huku ukipiga kelele. Usibaki kumwonyesha unachokijua. Akitaka simu, mpe. Nambari ya siri iwe imara na nakala zako ziwe mahali pengine.

Nimefunga sandukuni ruta mbili na swichi moja niliyokuwa nayo tangu enzi za kile kibanda changu cha intaneti. Zinawaka zote. Zitakuja kwa boti Ijumaa, mama yako nimempa namba ya atakayezibeba. Unganisha na ile kompyuta ya zamani, jenga mtandao wako chumbani, uuvunje na kuutengeneza utakavyo. Ila sanduku usilifungue mpaka mmeshatoka kwa jirani. Nitampigia mama yako Jumamosi kuuliza.

Akupendaye,
Mjomba wako