Mtoboa Siri Mwingine

Ushuhuda huu nimeukalia muda mrefu kwa sababu ndani yake mna aibu yangu. Nauandika kwa ajili ya mwenzangu wa ughaibuni ambaye akisikia mfanyakazi wa serikali ametoa siri za usalama, neno la kwanza linalomtoka ni "msaliti", na la pili ni, "Na huyo wakili anayemtetea ni mtu wa namna gani?" Nilikuwa hivyo. Nilikuwa hivyo hata nilipokuwa nikila mshahara wa wakili wa aina hiyo.

Nilikuwa na sababu zangu. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Binamu yangu alikuwa akisomea uhazili katika jengo la Ufundi, ubavuni mwa ubalozi. Jengo lile liliporomoka. Tulimtafuta Hospitali ya Kenyatta, tukamtafuta hospitali nyingine, mwishowe baba yake akamtambua katika chumba cha maiti kwa sweta aliyofumiwa na nyanya yetu. Watu 213 walikufa Nairobi, na wengine Dar es Salaam asubuhi hiyo hiyo. Tangu hapo msimamo wangu ukawa mmoja: anayesikiliza simu za watu ili bomu lisilipuke, na asikilize. Hata zangu aanze nazo.

Msimamo huo nilikuja nao Maryland. Ukikaa Baltimore unajua kwamba Fort Meade haiko mbali, na hapo ndipo makao makuu ya NSA, shirika la Marekani linalonasa mawasiliano. Kanisani unakaa karibu na mtu anayefanya kazi "serikalini", na mazungumzo yanaishia hapo. Watu hao niliwaheshimu mno. Usiku nilitunza wazee, mchana nikasomea usaidizi wa sheria, na chuoni ndiko nilikokutana na kesi ya Thomas Drake.

Drake alikuwa ofisa wa ngazi ya juu wa NSA. Siku yake ya kwanza kamili kazini ilikuwa 11 Septemba 2001. Baadaye aliona shirika likikusanya mawasiliano ya Wamarekani bila hati ya mahakama, tena likitumbukiza zaidi ya dola bilioni 1 katika mradi ulioitwa Trailblazer, ilhali mafundi wa ndani walikuwa na mtambo wa bei nafuu. Aliwalalamikia wakubwa wake, akazungumza na wakaguzi wa Wizara ya Ulinzi na watu wa Bunge. Mwisho akazungumza na mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun. Novemba 2007 maofisa wa FBI waliingia nyumbani kwake, na Aprili 2010 akashtakiwa kwa makosa 10, matano kati yake chini ya Sheria ya Ujasusi ya mwaka 1917. Angeweza kufungwa miaka 35. Mwalimu alitupa insha tuandike juu ya kesi hiyo. Mimi niliandika afungwe. Nilipata alama nzuri, nadhani kwa sababu ya sarufi.

Baada ya chuo nilipata kazi katika ofisi ndogo ya mawakili waliotetea wafanyakazi wa serikali: kusimamishwa kazi, pensheni, kunyimwa vyeo. Kazi ya makaratasi tu. Kisha Juni 2013 Edward Snowden akajitokeza Hong Kong na nyaraka za NSA, na katika mashtaka aliyofunguliwa mawili yalitoka kwenye sheria ile ile ya 1917. Mjadala ulikuwa kila mahali. Katika kipindi hicho mteja mmoja alibisha hodi ofisini kwetu. Alifanya wapi kazi na lalamiko lake lilikuwa nini, sitasema, utaelewa sababu. Hakuwa amekwenda kwenye gazeti lolote. Alikuwa ameandika malalamiko kwa wakubwa wake, na baada ya muda maofisa wakaja kuchukua kompyuta za nyumbani kwake, hadi ile ya mtoto ya shule.

Nilimpokea vibaya. Wageni wengine nilikuwa nikiwapa maji au kahawa. Yeye nilimwonyesha kiti. Alikaa pale na bahasha mapajani, na mimi nikaendelea kuchapa kwa kishindo kana kwamba nina shughuli kubwa.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe. Kulikuwa na harambee ya kusafirisha maiti ya mwenzetu kwenda nyumbani. Unajua mikusanyiko yetu: wanawake jikoni na sufuria za pilau, wanaume nje kwenye nyama choma, na maneno yanapita kati ya makundi hayo mawili upesi kuliko sahani. Nikasema, "Mnajua ofisini kwetu siku hizi tunawatetea akina Snowden?" Walipocheka, nikaongeza mtu huyo anatoka ofisi gani. Walipozidi kusikiliza, nikaongeza gari analoendesha. Hakuna aliyeniuliza.

Mmoja wa waliokuwa pale alifanya kazi ya mkataba katika ofisi ile ile aliyotoka mteja. Habari zikazunguka zikamfikia mteja, naye akampigia wakili.

Nilijua nitafukuzwa, na ingekuwa haki. Kwa wakili, siri ya mteja ndiyo kazi yenyewe. Nilikuwa nimeshaweka kikombe changu na picha za watoto katika mfuko wa plastiki wakili aliponiita. Alifunga mlango, akakaa, akaniuliza, "Kwa nini ulizungumza?"

Nilitafuta sababu nzuri nikaikosa. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana. Mbele ya wenzangu wenye nyumba zao na digrii zao, nilitaka niwe mtu anayejua jambo. Nikamwambia hivyo hivyo. Alinyamaza, kisha akasema kwamba mteja lazima aelezwe kila kitu, kwa kuwa ni haki yake, na kwamba yeye mteja ndiye atakayeamua kama bado anaiamini ofisi yetu.

Mteja alielezwa. Angeweza kuchukua faili lake akaondoka. Alipokuja tena alinisalimia kwa jina, na nikamsikia akimwambia wakili kwamba hataki mtu mwingine apoteze kazi kwa sababu ya kesi yake. Niliingia chooni nikalia. Mtu niliyemnyima hata glasi ya maji.

Wakili hakunifukuza, ila aliniondoa kwenye faili lile na kunipa sanduku la nyaraka za mahakama nisome. Juu kabisa kulikuwa na kesi ya Drake, ile niliyoitolea hukumu chuoni bila kuisoma yote.

Nilisoma kwamba fedha za Drake zilimwishia kwa wakili wa kwanza, akabaki anafanya kazi katika duka la Apple, na mahakama ikampa mawakili wa umma, James Wyda na Deborah Boardman. Nje ya mahakama alisemewa na Jesselyn Radack, wakili ambaye mwenyewe aliwahi kusukumwa nje ya Wizara ya Sheria baada ya kushauri kwamba mtuhumiwa mwenye wakili asihojiwe bila wakili wake. Nilisoma kwamba moja ya nyaraka "za siri" alizoshtakiwa kwa kukaa nazo ilikuwa ujumbe wa kupongeza mafanikio ya kazi, na serikali yenyewe iliiondolea muhuri wa siri miezi michache baada ya kumshtaki. J. William Leonard, aliyesimamia utaratibu mzima wa siri za serikali enzi za Rais George W. Bush, alikuwa tayari kuja kumtetea juu ya waraka huo. Juni 2011, siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, mashtaka yote 10 yaliondolewa. Drake akakiri kosa dogo la kutumia kompyuta kupita idhini aliyopewa. Jaji Richard Bennett alimpa mwaka mmoja wa uangalizi na saa 240 za kuitumikia jamii, hakumtoza faini, na akaikemea serikali kwa kumweka raia katika mateso kwa miaka minne kisha kesi ikayeyuka. Hayo yalitokea mjini kwetu Baltimore, nami nikiishi humo humo.

Lakini kilichonivunja kilikuwa kitu kingine. Katika sheria ile ya 1917 hakuna utetezi wa maslahi ya umma. Daniel Ellsberg, aliyetoa nyaraka za siri za vita vya Vietnam, alisimulia kwamba katika kesi yake mwaka 1973 wakili wake alimuuliza kizimbani kwa nini alizinakili, upande wa mashtaka ukapinga, na jaji akakataza swali lisijibiwe. Raia 12 walioketi kuamua hatima yake hawakupaswa kulisikia jibu. Nilisoma hapo mara kadhaa. Mimi, niliyemwaga siri ya mtu ili nichekewe kwenye nyama choma, niliulizwa kwa nini, na mlango ukafungwa ili nijibu kwa heshima. Mtu aliyehatarisha kila kitu kwa jambo aliloliona kuwa uovu, yeye hiyo "kwa nini" yake haina mahali pa kusemwa isipokuwa masikioni mwa wakili.

Na hata huko si rahisi. Niliporudishiwa faili, moja ya barua za kwanza nilizochapa ilikuwa ya kuomba mteja wetu aruhusiwe kumweleza wakili wake mwenyewe jambo analotuhumiwa nalo. Jibu lilichelewa miezi. Kesi ikifika mahakamani, kuna sheria ya mwaka 1980 inayoongoza matumizi ya siri za serikali: wakili huchunguzwa apewe kibali cha usalama, husoma nyaraka ndani ya chumba maalumu kisichoruhusu simu, na alichokiandika humo hukiacha humo humo. Kuna mambo wakili anaweza kuyaona asiruhusiwe kuyazungumza nje hata na mkewe. Nikaelewa kwa nini mawakili wanaoifanya kazi hii ni wachache.

Msidhani nilibadilika mara moja. Kwa muda mrefu nilihisi kama ninamsaliti binamu yangu. Mei 2014 ilitangazwa, kutokana na nyaraka za Snowden, kwamba Kenya ilikuwa moja ya nchi ambazo NSA ilikusanya kumbukumbu za simu zake: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Nilifikiria zile kadi za simu nilizokuwa nikikwangua usiku nimpigie mama. Hata hapo nilijitetea: pengine ni kwa usalama wetu. Ndipo nikaisoma hukumu ya rufaa ya kesi ya bomu letu lenyewe. Wamarekani walikuwa wakisikiliza simu za Wadih el-Hage, mmoja wa waliokuja kuhukumiwa katika kesi hiyo, huko Nairobi tangu Agosti 1996 hadi Agosti 1997, na tarehe 21 Agosti 1997 nyumba yake ilipekuliwa. Mwaka mmoja kasoro wiki mbili baadaye, bomu likalipuka. Sisemi kunasa simu hakufai kitu. El-Hage alifungwa maisha, na yaliyonaswa yalikuwa sehemu ya ushahidi. Nasema tu kwamba ile biashara niliyoifanya moyoni, nitoe simu zangu ili binamu asife, hakuna aliyekuwa ameniahidi.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja Septemba 2020. Basaaly Moalin, Msomali dereva wa teksi wa San Diego, alikuwa amefungwa kwa kutuma fedha kwa al-Shabaab. Hao ndio walioshambulia maduka ya Westgate na chuo kikuu cha Garissa, na mimi siwezi kujifanya namwonea huruma. Yeye na mawakili wake walikuja kujua baada ya hukumu, baada ya nyaraka za Snowden kutoka, kwamba mpango wa NSA wa kukusanya kumbukumbu za simu za Marekani nzima ulikuwa na mkono katika kesi yake. Mahakama ya rufaa ilisema mpango ule ulivunja sheria, na kwamba maofisa walikuwa wametia chumvi waliposimulia manufaa yake. Moalin mwenyewe aliendelea kuwa na hatia. Miaka ya nyuma ningesikia nusu moja tu ya hukumu hiyo. Siku hiyo nilizisikia zote mbili.

Kuhusu Snowden mwenyewe bado sijaamua. Kuna nyaraka alizochukua ambazo naona hazikuwa na haja ya kutoka. Wakili ninayemfanyia kazi anajua nafikiri hivyo, na hajawahi kunidai nifikiri vingine.

Mteja wetu hakushtakiwa. Kibali chake cha usalama kilifutwa, kazi ikaisha, akahamia jimbo lingine na familia yake. Kompyuta ya mtoto ilirudishwa ikiwa haiwaki. Siku ya kufunga faili nilimwomba msamaha, jambo ambalo nilikuwa nimeliahirisha kwa woga. Alisema alishanisamehe siku ile aliponisalimia kwa jina.

Ndugu yangu unayefanya kazi katika ofisi za serikali hapa, au jeshini, au kwa kampuni za mkataba, pengine umeona jambo linalokunyima usingizi. Usilizungumze kwenye harambee. Usinieleze mimi, usimweleze mchungaji, usitumie simu wala kompyuta ya kazini kutafuta msaada. Tafuta kwanza wakili anayezijua kesi hizi, na hata kwake usianze na siri yenyewe: mwambie unafanya kazi wapi na kwamba una jambo, naye atakuonyesha mpaka uko wapi na malalamiko yapelekwe kwa nani. Na wewe uliyekaa mapokezi katika ofisi ya wakili wa namna hiyo, akija mtu na bahasha mapajani, mpe maji.