Hosteli au Bedsita Kibuye?

Mdogo wangu amepata nafasi Chuo Kikuu cha Maseno, na jana akaniuliza: "Kaka, nichukue hosteli ama nipange bedsita hapa Kibuye?" Bedsita ameshaiona, karibu na soko, na mwenye nyumba anataka dipoziti kufikia Ijumaa.

Namwelewa. Mwaka wa tatu mimi pia nilitoka hosteli nikahamia Kibuye. Nilitaka chumba changu peke yangu, niandike programu usiku kucha. Kodi ilikuwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Nikadhani hesabu imeishia hapo.

Kumbe! Maseno iko kilomita 25 hivi kutoka Kisumu, njia ya Busia. Nauli 200 kwenda na kurudi, siku 5 kwa wiki: 4,000 nyingine kwa mwezi. Ongeza tokeni za stima, maji na bando. Hosteli nilikuwa nalipa muhula mzima kwa pesa zisizofika kodi hii ya miezi miwili.

Lakini si pesa iliyoniumiza zaidi. Hosteli, programu ikigoma saa saba usiku, nilibisha mlango wa pili, mwenzangu akaliona kosa kwa dakika tano. Kibuye kosa kama hilo lilinila wiki. Mradi wangu wa mwisho ukachelewa, nikahitimu mwaka mmoja baada ya wenzangu.

Nimemwambia alale chuoni kwanza. Bedsita za Kibuye haziendi popote. Amesema atafikiria. Leo ni Jumatano.

Nanyi mliopanga nje, hesabu yenu ilitokaje?