Saratani Isiyo na Karatasi ya Maabara

Mimi ni karani wa rejesta ya saratani katika hospitali ya rufaa, na kwa muda mrefu msimamo wangu ulikuwa mmoja: bila majibu ya patholojia, hakuna saratani. Ndivyo nilivyoikuta desturi ya ofisi, nami niliipenda kwa sababu karatasi ya maabara haina ubishi.

Aliyenigeuza ni daktari mzee wa wodi. Nilimpelekea rundo la mafaili ya wagonjwa wa ini nikimdai biopsi. Akafungua moja. "Binti yangu, huyu damu yake haigandi, tumbo limejaa maji. Nimchome sindano ili wewe upate karatasi?" Akanieleza kwamba ini likishakakamaa kwa makovu, mara nyingi kutokana na homa ya ini B, sitiskani yenye dawa ya mshipani inaweza kumaliza mjadala. Uvimbe hung'aa dawa inapopita kwenye ateri, kisha hufifia kuliko ini linalouzunguka. Miongozo ya kimataifa inaukubali ushahidi huo bila kukata nyama. Ultrasaundi peke yake haifiki huko.

Nikaurudia mwongozo wetu. Kumbe nafasi ya wagonjwa wasio na biopsi ilikuwepo siku zote! Mbali na msimbo wa ugonjwa, C22.0 kwa mfano, kila mgonjwa huandikiwa msingi wa utambuzi: 7 ni nyama ya uvimbe wenyewe iliyosomwa kwa hadubini, 2 ni picha na vipimo vya aina hiyo, 1 ni uchunguzi wa daktari tu, 0 ni cheti cha kifo pekee. Anayesoma takwimu anaona mwenyewe uzito wa ushahidi. Tena wakaguzi wa rejesta huishuku ile ambayo karibu kila saratani ya ini ina biopsi. Huuliza waliofariki kabla ya sindano wamekwenda wapi.

Asilimia yetu ya biopsi imeshuka, na mkuu wangu alidhani kazi imelegea. Nilimwonyesha mafaili, akanyamaza.

Lakini sipokei kila kitu. Daktari akiandika "? Ca ini", ile alama ya kuuliza inanizuia, hivyo namfuata wodini. Akithibitisha kwa sitiskani, naandika 2. Biopsi ikija baadaye, nabadilisha iwe 7.